Matanga Mchangani

Kengele ya mkanda ilianza kulia mara tu waliporudi garini baada ya kunywa chai. Ti, ti, ti, ti. Hsain Outaleb aligusa mkanda wake, alikuwa ameufunga. Akatazama kioo cha juu. Bintiye Tuda na mkwewe Jaouad walikuwa kiti cha nyuma, nao wamefunga. Taa nyekundu iliyowaka pale mbele ilikuwa ya kiti cha abiria, upande wake wa kulia, na kiti hicho kilikuwa kitupu.

"Baba, umeweka mzigo hapo?" Tuda akauliza.

"Mzigo gani? Hata kilemba changu kiko kichwani."

"Ni waya tu," Jaouad akasema. Alikuwa fundi wa simu huko Marakeshi na hakuna kitu chenye waya kilichomtisha. "Unyevu wa mlimani umeingia chini ya kiti. Simama nikuonyeshe."

Walikuwa wameshavuka kilele cha mlima wa Tichka, wanaanza kuteremka. Hsain akasogea pembeni. Jaouad akashuka, akapiga magoti, akapenyeza mkono chini ya kiti na kuchomoa waya. Kengele ikanyamaza. Akasimama, akajipangusa mikono kwa majivuno.

"Elfu moja tu, baba mkwe. Wewe nakupunguzia."

Kengele ikaanza tena. Waya bado alikuwa nao mkononi.

Hakuna aliyecheka. Hsain, ambaye hakupenda makelele akiwa kwenye kona, akauvuta mkanda wa kile kiti kitupu na kuufunga. Ukimya ukarudi, wakaendelea na safari. Ila kila alipogeuza jicho aliuona ule mkanda, na haukulala bapa juu ya kiti kama ulivyopaswa kulala. Ulikuwa umetuna kwa mbele, kama umezunguka tumbo na mikono ya mtu aliyepakata kitu.

Kwa miaka kumi na mmoja Hsain alikuwa amewaendesha watu baki kupita milima ile mpaka kwenye vilima vya mchanga vya jangwani, siku mbili kwenda na kurudi, na hakuwahi hata mara moja kumpeleka mwanawe. Mke wake alikufa Tuda akiwa na miaka sita, akamlea peke yake. Tuda alipoolewa, mimba mbili ziliharibika. Ya tatu hii ilikuwa imefika mwezi wa saba, na kitu alichokitamani si zabibu wala samaki. Alitamani kuushika mchanga wa jangwani, ule mwekundu, ukiwa bado na joto la jua. Hamu ya mjamzito haipuuzwi kwao. Hsain akafuta kazi za wiki nzima, akaliosha gari, wakaondoka alfajiri watatu tu.

Karibu na kilele Tuda alichefukwa kwa sababu ya kona, ndipo wakasimama. Hsain akawasha jiko dogo la gesi kando ya barabara, akapika chai ya nanaa. Mkwewe alikuwa akisimulia kisa cha mteja aliyeleta simu iliyotumbukia kwenye supu, wote watatu wakicheka mpaka machozi. Maji yaliyobaki birikani yalikuwa bado yanatokota. Hsain akayamwaga kwenye mwanya kati ya mawe mawili, huku akicheka. Kutoka mwanyani ikatoka sauti fupi, kama ya paka mchanga aliyekanyagwa. Alidhani ni mvuke.

Sasa, akiteremka kuelekea Warzazat, alianza kusikia harufu. Ilikuwa harufu ya sikukuu, ya vichwa vya kondoo vinavyobabuliwa manyoya mitaani, lakini mbichi zaidi, yenye umajimaji. Akafungua dirisha. Harufu haikutoka.

Kwenye kizuizi cha barabara askari mmoja kijana akawapungia wasimame. Akainama dirishani kwa Hsain, akaanza kuomba karatasi za gari, kisha macho yake yakaenda kwenye kiti cha mbele na uso wake ukabadilika.

"Mzee! Mtoto ameungua hivyo na wewe unaendesha kama unakwenda harusini?"

"Mtoto gani, afande?"

"Usinipotezee muda, mpeleke hospitali! Na wewe mama uliyempakata, usimfunike hivyo, kitambaa kitamganda. Pita! Pita upesi!"

Hsain akapita. Nyuma, Jaouad akalazimisha kicheko.

"Yule afande jua limempiga. Au kavuta kitu."

"Nyamaza, Jaouad," Tuda akanong'ona. "Baba. Pale mlimani. Ulipomwaga yale maji, ulisema bismillahi?"

Tangu utotoni Hsain alikuwa akisema, kila anapomwaga maji ya moto, hata bafuni kwake, kwa sababu mama yake alimfundisha kwamba chini ya mawe na ndani ya mabomba kuna wenye nyumba zao, na huwezi kuwamwagia bila kuwapa nafasi ya kuondoka. Alisema kila siku ya maisha yake. Leo alikuwa akicheka.

"Baba?"

"Sikusema, mwanangu."

Walipita Warzazat, wakapita mji mwingine chini ya milima myeusi, na bonde la mitende lilipoanza Tuda akamshika mumewe mkono na kuuweka tumboni mwake.

"Hachezi," akasema. "Tangu lile jiwe hajacheza."

Tumbo lilikuwa la moto. Si joto la homa. Lilikuwa kama bakuli lililotoka jikoni, na mahali pengine pote mwilini Tuda alikuwa wa baridi.

Katika mji mdogo njiani palikuwa na kituo cha afya. Mkunga, mama mnene mwenye mikono ya upole, alimlaza Tuda, akatega sikio kwa muda mrefu, akasikiliza tena.

"Moyo upo," akamwambia Jaouad koridoni. "Lakini unakwenda polepole, na unazidi kupungua. Hapa sina la kufanya, ndugu yangu. Mrudisheni Marakeshi, hospitali kubwa. Sasa hivi."

Hsain akageuza gari kuelekea kaskazini. Injini ikazimika. Akawasha, ikawaka, akaigusa gia, ikazimika. Mara tatu. Jaouad akafungua boneti, akagusa kila kilichoweza kuguswa, jasho likimtiririka. Akapiga simu ya gari la wagonjwa. Akasikiliza, kisha akaitoa simu sikioni taratibu na kuwaelekezea. Ilikuwa ikilia sauti ya kitoto, sauti kavu iliyochoka, ya mtoto ambaye amelia mpaka hana tena cha kulilia.

"Zima," Tuda akasema. "Jaouad, zima, nakuomba."

"Nimeshaizima."

Ndipo injini ikawaka yenyewe. Usukani ukazunguka mikononi mwa Hsain kama vile kuna mwingine aliyeushika kutoka upande wa pili, gari likageuka pua yake kusini, kuelekea jangwani, na ule mkanda wa kiti cha mbele ukakazika kwa mlio, kama unavyokazika mtu anapoinama mbele kwa haraka ya kufika.

"Twende," Hsain akasema. "Mwishoni mwa lami kuna mama mmoja, Lalla Mbarka. Anaongea na hao wa chini ya mawe. Kama kuna mtu—"

"Baba mkwe, mke wangu anahitaji daktari!"

"Geuza wewe basi! Njoo ukae hapa ugeuze, mwanangu! Unadhani sitaki?" Jaouad akaona machozi kwenye ndevu za mkwewe, akarudi kiti cha nyuma, akampakata mkewe kichwa.

Upepo ukaanza kabla ya mji wa Zagora. Mchanga ulivuka barabara kwa mistari miembamba, kisha mistari ikawa mashuka, kisha mashuka yakawa ukuta, jua likageuka kuwa sarafu ya shaba, na Hsain akawa anaendesha kwa kukumbuka tu, huku pembeni yake, mahali ambapo hapakuwa na mtu, kukisikika mtu akibembeleza, mm, mm, mm, wimbo usio na maneno ambao kila mama wa milimani anaujua, na nyuma yake mwanawe mwenyewe, macho ameyafumba, akaanza kuuitikia.

Nyumba ya Lalla Mbarka ilikuwa ya mwisho, imeegemea mchanga. Yeye mwenyewe alikuwa mlangoni, mwanamke mweusi mrefu, shela imefungwa kiunoni kama mtu anayengoja kazi. Hakumtazama Hsain. Alikitazama kiti cha mbele, akaweka mkono kifuani.

"Pole, dada," akakiambia. "Pole sana. Karibu."

Tuda wakamwingiza ndani, wakamlaza mkekani. Lalla Mbarka akafukiza ubani wa jawi, akaketi karibu na kichwa chake, akauliza kwa utaratibu, "Ni nani aliyekuja na binti huyu?"

Tuda akafungua macho. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke mkubwa, yenye kwikwi.

"Nilikuwa nimemlaza kivulini. Chini ya jiwe, kwenye ubaridi. Nilikwenda kidogo tu. Yule mzee alimwaga bila kutaja jina."

"Na sasa unataka nini?"

"Mtoto kwa mtoto."

Hsain akaanguka magotini. "Ni mimi! Huyu hana kosa, hata kichanga chake hakijazaliwa! Nichukue mimi!"

Kichwa cha Tuda kikageuka kumtazama. "Wewe? Mzee mwenye mvi? Nikufanyie nini? Nikunyonyeshe?"

Jaouad alikuwa amejibanza ukutani, mikono kinywani. Lalla Mbarka akangoja kwikwi zipungue. Kisha akauliza swali ambalo Hsain hakulitarajia.

"Dada, umeshamzika?"

Mikono ya Tuda ikajikunja kifuani kama inayopakata kitu.

"Umeshamzika mwanao?"

"Nani wa kumzika?" sauti ikasema, na mara hii ilikuwa ndogo kabisa. "Watu wangu wako mlimani. Nilimfuata aliyemuua, maiti iko mkononi. Hakuna aliyemwosha. Hakuna aliyeniambia pole, ila wewe."

Lalla Mbarka akamgeukia Hsain. "Umesikia. Nenda ukamchukue."

Hsain akatoka kwenye upepo. Akafungua mlango wa mbele, akafungua mkanda, akanyoosha mikono yake mitupu juu ya kiti kitupu akijiona mwendawazimu. Kisha mikono ikashuka. Kitu kiliwekwa juu yake. Kilikuwa na uzito wa mtoto wa miezi michache, kichwa kikaangukia kwenye kiwiko chake kama vichwa vya watoto vinavyoangukia, na kilikuwa na unyevu, na joto. Alimbeba Tuda hivyo hivyo miaka ishirini na tisa iliyopita. Akalia kwa sauti, akakiingiza ndani huku amekikinga na mchanga kwa mgongo wake.

Walimwosha kwa maji ya mtungi, baridi. Hsain ndiye aliyemwagia, na kila kata moja alisema bismillahi, kwa sauti, akichelewa, kama mtoto chuoni. Maji yaliteleza hewani na kudondoka kutoka kwenye umbo lisiloonekana. Akavua kilemba chake cheupe, akakitandaza, akamviringisha ndani yake. Kitambaa kikajaa. Jaouad alipoona kitambaa kile kimetuna mahali pa kichwa na mahali pa visigino, alitoka bila kuambiwa, akapanda kilimani, akaanza kuchimba kwa mikono, na kila alipochota mchanga ukarudi, naye akachota tena, akilia, akichota, mpaka shimo likakubali kusimama.

Wakasali. Wakamzika. Upepo ulikuwa umekwisha, hawakujua saa ngapi.

Kutoka ndani ya nyumba Tuda akapiga kelele. Jaouad akakimbia akiteleza. Akamkuta amekaa, ameshika tumbo kwa mikono miwili.

"Anacheza! Jaouad, anacheza, shika hapa! Hapa!"

"Mpeleke mkeo hospitali," Lalla Mbarka akamwambia. "Gari halitawasumbua." Kisha akamshika Hsain mkono na kumvuta pembeni. "Wewe hutaondoka. Muuaji akikimbia kabla ya matanga, hilo si kosa tena, ni dharau. Utakaa penye kaburi siku tatu. Watu wake watakuja."

"Nitakaa."

"Sikiliza. Watakuletea chakula. Chakula chao hakina chumvi, hawaiwezi. Ukila, umekula nao. Hutarudi kuwa mtu wa huku kamili."

"Na nisipokula?"

Yule mama akatazama mbali. "Umewahi kukataa chakula cha mfiwa, mkabaki mmepatana?"

Tuda hakutaka kuondoka. Alimng'ang'ania baba yake shingoni hadi Jaouad akamwondoa kidole kimoja kimoja. "Nenda, mwanangu," Hsain akamwambia. "Mchanga umeushika?" Tuda akafungua kiganja. Kilikuwa kimejaa. "Basi. Safari yetu imetimia."

Akakaa. Siku ya kwanza hakuna aliyekuja ila jua. Siku ya pili akasikia nyayo zikipanda kilimani, nyingi, na mchanga ukabonyea kumzunguka, hapa na pale, kama watu wanavyoketi msibani kila mmoja akitafuta nafasi. Hakuona mtu. Alisikia wakisalimiana kwa Kiamazighi cha zamani, kile cha bibi zake, wakipumua, wakikohoa, mzee mmoja akiuliza ni yupi, na mwanamke akijibu, ni huyo. Hakuna aliyemgusa. Alikaa katikati yao mchana kutwa, kichwa chini, akiwaza kwamba hivi ndivyo anavyokaa mtu mbele ya watu aliowaulia, kwamba wanaweza kumvunja shingo na hakuna wa kuuliza, na kwamba kitu cha kutisha kuliko vyote ni adabu yao.

Siku ya tatu, alasiri, bakuli la udongo likawa mbele yake. Lilikuwa na kuskusi, mvuke unatoka. Upande wa pili wa bakuli mchanga ulibonyea taratibu, na harufu ile ya kuungua ikaja, hafifu.

"Kula," sauti ya mwanamke ikasema.

Hsain aliitazama njia ya kaskazini. Alifikiria jiko lake, mkate wa asubuhi, zeituni zake za chumvi. Alifikiria moyo mdogo uliokuwa ukipungua. Akanyoosha mkono wa kulia.

"Bis—" akaanza, na pande zote mchanga ukatikisika kwa hofu, wageni wakijikunja. Akanyamaza. Akafinyanga tonge, akalitia mdomoni bila jina lolote. Halikuwa na ladha yoyote, kama kutafuna mchana wenyewe. Akameza. Akala lingine. Alikula mpaka bakuli likaisha, na alipoinua kichwa, hakukuwa na alama hata moja mchangani ila zake.

Tuda alijifungua mwezi wa tisa, mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Hsain hakwenda hospitali. Alisema ana kazi. Tangu aliporudi kutoka jangwani alikuwa hali tena kwa watu, alikuwa amekonda, na Jaouad alisema ni uzee na huzuni.

Siku ya saba ilikuwa akika. Nyumba ya Jaouad huko Marakeshi ilijaa wanawake. Mama yake Jaouad, Lalla Zineb, aliamka mapema akatembea na bakuli, akinyunyiza chumvi kwenye pembe zote, kwenye madirisha, na mstari mnene kwenye kizingiti, ili kisije kikaingia chochote kwa mtoto.

Hsain alikuja saa nne na kondoo kwenye kamba. Wakampokea kondoo. Yeye akabaki uchochoroni, amevaa kanzu yake safi.

"Ingia, baba!" Tuda akamwita kutoka ndani. "Unangoja uchukuliwe kwa ngoma?"

"Nakuja."

Aliinua mguu. Tuda, aliyekuwa akija na mtoto mikononi, aliuona mguu ule ukisimama hewani juu ya kizingiti, ukitetemeka, kisha ukirudi. Aliona ngozi ya uso wa baba yake ikijivuta kama ya mtu aliyesogelea moto. Akatazama chini. Akatazama ule mstari mweupe. Akaelewa, maana kila mtoto wa milimani hufundishwa ni nani asiyeweza kuvuka chumvi, na ni chakula gani humfanya mtu kuwa hivyo.

"Ulikula," akanong'ona.

"Nilikula."

"Baba. Baba yangu." Akageuka kwa wazimu, akitafuta kwa macho. "Ngoja. Ngoja nilete ufagio."

"Tuda."

"Ni chumvi tu, nitaifagia, ni dakika moja—"

"Usifagie." Hakupandisha sauti, nyuma yao wanawake walikuwa wakipiga vigelegele. "Mimi si peke yangu hapa nje, mwanangu. Tangu siku ile sitembei peke yangu. Iache ilipo."

Tuda akatazama nyuma ya bega la baba yake. Uchochoro ulikuwa mtupu, jua limeujaa.

Akakaa chini sakafuni, upande wa ndani wa chumvi, na Hsain akachuchumaa upande wa nje. Tuda akamfunua mtoto uso. Mtoto alikuwa macho. Babu yake aliificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo ili isije ikamponyoka na kumgusa, akainamisha kichwa mpaka pale alipoweza kuvumilia, akamtazama mpaka adhana ya adhuhuri ilipoanza, ndipo akainuka.